Ofa mbili za boila ya kuni, asilimia 82 na asilimia 70: zinalinganishwaje?

Mhandisi wa Chai

Heshima kwenu wakuu. Nafanya kazi katika kiwanda cha chai kwenye nyanda za juu za kusini, ambako mvuke wa kunyausha na kukausha majani unatoka kwenye boila inayochoma kuni za mikaratusi. Boila tuliyonayo imechoka, na uongozi umeomba ofa za boila mpya yenye uwezo wa kutoa tani 4 za mvuke kwa saa, kwa presha ya bar 10 kwenye geji, maji yakiingia yakiwa na nyuzijoto 80.

Ofa mbili zimefika mezani. Mzabuni wa kwanza anaahidi ufanisi wa asilimia 82, na wa pili anaahidi asilimia 70, huku bei yake ikiwa juu kidogo. Kamati ya manunuzi imekwisha kuegemea kwa wa kwanza, kwa hoja kwamba asilimia 12 za kuni za mwaka mzima ni fedha nyingi mno kuziachia. Nilipozisoma nyaraka upya niligundua kwamba wa kwanza ameandika, chini kabisa ya jedwali, kuwa ufanisi wake umekokotolewa kwa thamani ya joto ya chini, ilhali wa pili anasema ametumia thamani ya joto ya juu.

Cheti cha maabara cha kuni zetu kinaonyesha megajuli 19.6 kwa kilo bila kueleza ni thamani ipi kati ya hizo mbili. Kuni zenyewe huingia tanuruni zikiwa na unyevu wa takriban asilimia 45. Naomba kuelimishwa: tofauti ya thamani hizi ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa kamati, au ni jambo la vitabuni tu? Na kama ni kubwa, nizilinganishe vipi ofa hizi kwa haki kabla ya kikao cha wiki ijayo?

Mvuke Mkavu

Mhandisi, umefanya vema kusimamisha jambo hili kabla ya kikao, kwa sababu kwa kuni zenye unyevu huo tofauti si ndogo hata kidogo, na inaweza kugeuza mpangilio wa washindi.

Kuni zina hidrojeni ndani yake, na hidrojeni inapoungua huwa maji: kilo moja ya hidrojeni huzaa karibu kilo 9 za maji. Kuongeza juu ya hayo, kuni zina unyevu wake wenyewe. Maji yote hayo hutoka kwenye dohani yakiwa mvuke, na kila kilo ya mvuke huo huondoka na joto fiche, yaani joto lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke, la takriban megajuli 2.44, tukipima kwa nyuzijoto 25. Thamani ya joto ya juu huhesabu joto lote linalozaliwa, ikichukulia kwamba mvuke umerudishwa kuwa maji na joto lake fiche likakusanywa. Thamani ya chini huhesabu kwamba mvuke umekwenda zake na joto hilo halipo tena. Kuni ni zilezile na moto ni uleule. Kilichobadilika ni mahali tulipochora mstari wa hesabu.

Ukubwa wa tofauti hutegemea kiasi cha hidrojeni na cha maji. Kaboni tupu haizai maji, kwa hiyo thamani zake mbili ni sawa. Mkaa mzuri, ambao hidrojeni yake imebaki kidogo sana baada ya kuchomwa, hutofautiana kwa kama asilimia 2. Dizeli ni asilimia 6 hadi 7. Methani ina megajuli 55.5 kwa kilo kwa thamani ya juu na 50.0 kwa thamani ya chini, yaani asilimia 11, na hidrojeni yenyewe ni 141.8 dhidi ya 120.0, yaani asilimia 18. Kuni kavu kabisa ni asilimia 7 tu, lakini kuni hazichomwi zikiwa kavu kabisa, na hapo ndipo hesabu yako inapochukua sura nyingine.

Tuchukue kwamba 19.6 ni thamani ya juu ya kuni zisizo na maji hata tone, jambo ambalo maabara yako inapaswa kulithibitisha. Kuni kavu zina hidrojeni ya karibu asilimia 6, ambayo huzaa kilo 0.54 za maji kwa kila kilo ya kuni. Maji hayo huondoka na megajuli 1.3, kwa hiyo thamani ya chini ya kuni kavu ni 18.3. Sasa tuweke unyevu wa asilimia 45. Kwa kila kilo inayoingia tanuruni, kuni halisi ni kilo 0.55 tu. Thamani ya juu ya kilo hiyo ni 19.6 mara 0.55, sawa na megajuli 10.78. Thamani ya chini ni 18.3 mara 0.55, ukitoa 2.44 mara 0.45 kwa ajili ya kuyavukiza maji yaliyokuja na kuni, sawa na megajuli 8.97. Ya juu inaizidi ya chini kwa asilimia 20.

Turudi kwenye ofa. Mzabuni wa kwanza anaahidi asilimia 82 ya 8.97, yaani megajuli 7.36 zitakazoingia kwenye mvuke kwa kila kilo ya kuni. Wa pili anaahidi asilimia 70 ya 10.78, yaani megajuli 7.55. Yule aliyeonekana kuachwa nyuma kwa asilimia 12 ndiye aliye mbele. Kwa lugha ya kuni, mvuke wako wa bar 10 una kilojuli 2,781 kwa kilo na maji ya nyuzijoto 80 yana 335, kwa hiyo tani 4 kwa saa zinadai karibu megajuli 9,780. Boila ya kwanza itakula takriban kilo 1,330 za kuni kwa saa, na ya pili takriban 1,296.

Usikimbilie kumtangaza wa pili, hata hivyo. Tofauti ya kilo 34 katika 1,330 haifiki asilimia 3, na kosa la kupima unyevu peke yake laweza kuimeza yote. Vilevile hujatuambia kila mmoja ametumia kuni za unyevu gani. Tuseme wa pili alikokotoa asilimia 70 zake kwa kuni za unyevu wa asilimia 25. Kwa kuni hizo thamani ya juu ni 14.7 na ya chini ni 13.1, kwa hiyo asilimia 70 zake ni sawa na asilimia 78 au 79 za thamani ya chini. Hapo wa kwanza anarudi mbele, ikiwa naye anaweza kufikisha asilimia 82 kwenye unyevu huohuo. Ndiyo maana ufanisi usiotajiwa thamani ya joto na unyevu wa kuni haulinganishiki na chochote.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ambacho mimi hukitumia kila ninaposoma ofa. Kwa kuni za asilimia 45, joto fiche linaloondoka na mvuke wa dohani ni megajuli 1.8 kati ya 10.78, yaani karibu asilimia 17 ya thamani ya juu, kabla hujahesabu moshi moto, hewa ya ziada, mkaa usioungua majivuni na joto linalopenya kuta za boila. Kwa hiyo boila ya kawaida haiwezi kuvuka asilimia 83 ya thamani ya juu kwa kuni hizo hata ikitengenezwa na malaika. Ukimwona mtu anaahidi asilimia 85 kwa thamani ya juu na kuni mbichi, mwulize tena kwa utulivu anazungumzia nini.

Haya yote hayamaanishi kwamba mmoja wa wazabuni wako anadanganya. Kanuni za upimaji za Ulaya, EN 12952-15 kwa boila za mirija ya maji na EN 12953-11 kwa zile za mirija ya moshi, hujengwa juu ya thamani ya chini. Kanuni ya Marekani, ASME PTC 4, hujengwa juu ya thamani ya juu. Kila mmoja amefuata desturi alikojifunzia kazi. Kosa litakuwa la mnunuzi akiziweka namba hizo kwenye jedwali moja bila kuzifanya ziwe za aina moja.

Mpima Maabara

Mchangiaji aliyetangulia ameieleza hesabu vizuri. Mimi niongezee upande wa cheti, kwa kuwa kazi yangu ni kuvitoa vyeti vya namna hiyo na najua mahali vinapopotosha watu.

Thamani ya joto ya chini haipimwi na chombo chochote cha maabara, hukokotolewa. Tunachokipima ni ya juu. Sampuli ya kuni husagwa, ikakandamizwa kuwa kidonge cha kama gramu moja, kikawekwa ndani ya chombo kizito cha chuma pamoja na mililita moja ya maji, kisha oksijeni ikajazwa hadi bar 30. Chombo huzamishwa kwenye ndoo ya maji iliyohifadhiwa vizuri, waya mwembamba ukawasha kidonge, na tunasoma jinsi joto la maji linavyopanda. Kabla ya hapo chombo hicho hicho kimekwisha kupimwa kwa asidi ya benzoiki, ambayo joto lake la megajuli 26.4 kwa kilo linajulikana barabara. Ukikifungua chombo baada ya kuungua, unayaona matone ya maji yameshika kwenye kuta zake za ndani. Matone hayo ndiyo ushahidi kwamba mvuke umerudi kuwa maji na joto lake fiche limebaki ndani ya hesabu, na kwa hiyo namba tunayoipata ni ya juu.

Kwa hiyo, kama cheti chako kinasema 19.6 bila maelezo, karibu bila shaka ni thamani ya juu, na kwa ukubwa wake ni ya kuni kavu, kwa sababu kuni za asilimia 45 haziwezi kufikia hata 11. Omba maabara iandike mambo manne waziwazi: thamani ya juu kwa kuni kavu, kiasi cha hidrojeni, unyevu wa sampuli ilipofika, na thamani ya chini kwa unyevu huo. Kanuni ya ISO 18125, inayohusu kuni na mabaki ya mimea, inaeleza namna ya kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Ikitokea hakuna maabara karibu, wengi hukimbilia kanuni ya Dulong, ambayo huikadiria thamani ya juu kutokana na kaboni, hidrojeni na oksijeni. Kanuni hiyo inafaa makaa ya mawe. Kuni zina oksijeni nyingi mno kwake: ukiweka kaboni asilimia 50, hidrojeni 6 na oksijeni 43, inakupa 17.8, wakati kuni za namna hiyo hupimwa 19.5 hadi 20. Kwa mimea, kanuni ya Channiwala na Parikh ya mwaka 2002 inakaribia ukweli zaidi.

Nina wasiwasi na hizo asilimia 45 zako kuliko na cheti. Zimepimwa kwa nini? Kama ni kwa kile kifaa cha mkononi chenye sindano mbili, zichukulie kwa tahadhari kubwa, kwa maana vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mbao zilizokaribia kukauka na vikivuka asilimia 30 huanza kubahatisha. Pia vingi vyake, kama walivyozoea watu wa mbao, hugawanya uzito wa maji kwa uzito wa kuni kavu, wakati sisi wa boila tunagawanya kwa uzito wote, maji na kuni pamoja. Gogo ambalo sisi tunaliita la asilimia 45, mtu wa mbao ataliita la asilimia 82. Namba mbili hizo zikichanganywa kwenye hesabu ya thamani ya chini, jibu litatoka bila maana.

Njia ya uhakika ni rahisi. Chagua magogo kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za rundo, yakate katikati kwa msumeno wa mnyororo, kinga vumbi la mbao linalodondoka, lifunge papo hapo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Lipime uzito, liweke kwenye oveni ya nyuzijoto 105, na lipime tena hadi uzito usishuke zaidi. Usichukue vumbi la ncha za gogo, kwa sababu ncha hukauka kwanza na zitakudanganya kwamba rundo lote limekauka.

Gesi na Turbini

Nchi yetu ina mfano mwingine wa jambo hilihili, nao unahusu fedha nyingi kuliko za boila moja. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, ni methani kwa takriban asilimia 97, kwa hiyo pengo la thamani zake ni lile la asilimia 11. Watengenezaji wa turbini za gesi duniani hutangaza ufanisi wao kwa thamani ya chini. Mikataba ya kuuza gesi asilia, kwa upande wake, mara nyingi hupanga bei kwa kila milioni ya BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza) zilizohesabiwa kwa thamani ya juu.

Chukua turbini iliyotangazwa kuwa na ufanisi wa asilimia 36. Ili itoe kilowati-saa moja ya umeme, inahitaji megajuli 10 za thamani ya chini, lakini kwenye ankara ya gesi hizo ni megajuli 11.1. Anayekadiria gharama ya umeme kwa kuzidisha namba ya mtengenezaji na bei ya mkataba moja kwa moja atapunguza gharama ya gesi kwa sehemu moja katika kumi, na kosa hilo atalikuta kila mwezi kwa miaka yote ya mradi.

Takwimu za nchi nazo zina desturi zake. Shirika la Nishati la Kimataifa hutumia thamani ya chini, wakati mamlaka ya takwimu za nishati ya Marekani hutumia ya juu, kwa hiyo nchi ileile inayotumia gesi nyingi itaonekana kutumia nishati zaidi kwenye jedwali moja kuliko kwenye jingine. Anayeandaa hesabu za hewa ukaa ajihadhari pia: kiwango cha IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, cha mwaka 2006 cha kilo 56.1 kwa kila gigajuli ya gesi asilia ni cha thamani ya chini, na ukikizidisha na gigajuli za ankara unajitwisha hewa ukaa ambayo hukuitoa.

Mhandisi wa Chai

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimewaandikia wazabuni wote wawili kuwauliza unyevu waliouweka kwenye hesabu zao, na kesho tunaanza kukusanya vumbi la msumeno kama nilivyoelekezwa.

Nina swali la nyongeza. Msimamizi wetu wa yadi ya kuni alipoiona hesabu hii alisema kwamba kama kuni zikikaushwa kutoka asilimia 45 hadi 25, joto la kilo moja linapanda kutoka 8.97 hadi 13.1, ambalo ni ongezeko la asilimia 46, na kwa hiyo tutaokoa karibu theluthi ya kuni za mwaka. Anaomba banda kubwa la kukaushia lijengwe kabla hata ya boila. Sisi hununua kuni kwa mita za ujazo za rundo lililopangwa, si kwa kilo. Je, makisio yake ni sahihi?

Misitu na Tanuru

Msimamizi wako ana haki ya kudai banda, lakini theluthi haitapatikana, na ni vizuri kamati iambiwe mapema ili banda lisije likahukumiwa kwa ahadi lisiyoweza kuitimiza.

Kilo moja ya kuni za asilimia 45 ina kilo 0.55 za kuni kavu. Ikikauka hadi asilimia 25 haibaki kilo moja. Inakuwa kilo 0.73, kwa sababu maji yamekwenda. Hizo kilo 0.73 ukizizidisha na 13.1 unapata megajuli 9.6, na siyo 13.1. Gogo lilelile, likiwa bichi, lilikuwa na 8.97. Faida halisi kwa gogo ni megajuli 0.65, yaani asilimia 7, nayo ni sawasawa na joto fiche la maji yaliyokaushwa na jua na upepo badala ya kukaushwa na tanuru. Asilimia 46 ni ya anayenunua kwa kilo na kulipia maji kwa bei ya kuni. Ninyi mnanunua kwa ujazo, na ujazo wa rundo haubadiliki sana likikauka, kwa hiyo mnacholipia tangu mwanzo ni mti wenyewe.

Ukitazama thamani ya juu utaliona jambo hili kwa urahisi zaidi. Kwa thamani ya juu gogo halipati wala halipotezi kitu linapokauka: 19.6 mara 0.55 ni 10.78 likiwa bichi, na 14.7 mara 0.73 ni hiyohiyo 10.78 likiwa limekauka. Kwa sababu hii mimi napendelea kuweka vitabu vya kuni za kiwanda kwa uzito wa kuni kavu na thamani ya juu, ingawa najua wenzangu wengi wanaona thamani ya chini ndiyo yenye uhalisia. Thamani ya chini kwa kilo hupanda na kushuka kwa kila mvua, na msimamizi anaweza kudhani amepata kuni bora kumbe amepata kiangazi.

Hata hivyo asilimia 7 siyo mwisho wa faida. Kuni mbichi hupoza tanuru, moto ukawa mwekundu na mzito, na fundi wa boila hulazimika kufungua hewa zaidi ili ziwake. Hewa hiyo ya ziada hupashwa moto na kutupwa juu ya dohani. Moshi hubeba gesi ambazo hazijaungua, masizi huganda kwenye mirija, na joto la moshi hupanda wiki baada ya wiki kwa kuwa mirija haipokei tena vizuri. Hasara hizi hazimo kwenye thamani ya juu wala ya chini. Zimo kwenye ufanisi wenyewe, na ndizo zinazofanya akiba halisi ya kukausha kuni izidi asilimia 7, hata kama haitafika theluthi. Boila ya tani 4 ikipata kuni kavu pia hufikisha mvuke wake kamili saa ambazo majani ni mengi, jambo ambalo watu wa kiwanda cha chai wanalithamini kuliko asilimia yoyote.

Kuhusu banda, msilifanye jengo la kuta. Kinachotakiwa ni paa pana, sakafu iliyoinuliwa kidogo, na upepo upite kutoka upande hadi upande. Magogo yapasuliwe kabla ya kupangwa, kwa sababu gome la mkaratusi huzuia maji kutoka na gogo zima hukauka kupitia ncha tu. Huko kwenu mvua huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo kuni za msimu wa mvua, ambao ndio msimu wa majani mengi, zinapaswa kupasuliwa na kuingia chini ya paa kuanzia Juni, wakati upepo wa kipupwe ni mkavu.

Mvuke Mkavu

Nakubaliana na hesabu ya Misitu na Tanuru, na naongeza jambo linalohusu kiwanda cha chai hasa. Katika Sweden na Finland, mitambo inayopasha moto nyumba za mji mzima kwa vipande vya mbao mbichi hupitisha moshi kwenye mirija iliyopozwa na maji yanayorudi kutoka mjini, mvuke wa moshi ukageuka kuwa maji, na joto fiche likarudishwa kazini. Ndiyo sababu utasoma huko ufanisi wa zaidi ya asilimia 100 kwa thamani ya chini. Hakuna muujiza: wanakusanya joto ambalo thamani ya chini ilikwisha kulifuta kwenye hesabu.

Kwa moshi wa kuni zenu, mvuke huanza kuwa maji moshi unaposhuka hadi nyuzijoto 55 au 60 hivi, kwa hiyo joto hilo halifai kutengeneza mvuke wala kukausha chai. Lakini hewa ya kunyausha majani haihitaji zaidi ya nyuzijoto 30 na ushei, na kwenye milima yenu yenye baridi hewa hiyo hupashwa mfululizo. Ni mojawapo ya viwanda vichache vya kwetu vyenye mahali halisi pa kulipeleka joto hilo. Gharama yake si ya kubezwa, maana maji yanayopatikana ni ya asidi na yana majivu, yanadai chuma kisichoshika kutu na mahali pa kuyasafisha, na moshi usiruhusiwe kugusa majani. Nisingeliweka kwenye zabuni hii. Ningemwomba mzabuni aache nafasi kati ya boila na dohani.

Mhandisi wa Chai

Majibu yamefika. Wa kwanza ametumia unyevu wa asilimia 30. Wa pili ametumia asilimia 45. Oveni imetupa asilimia 43 kwa magogo ya juu ya rundo na 48 kwa yale ya chini. Nimeandaa kifungu hiki cha kupeleka kwa wote wawili, naomba mnikosoe:

"Mzabuni atahakikisha kiasi cha mvuke, katika kilo, kitakachotolewa kwa kila kilo ya kuni kavu, kwa presha ya bar 10 na maji ya nyuzijoto 80, kwa kuni za mikaratusi zenye unyevu wa asilimia 45 ya uzito wote na, katika jedwali la pili, asilimia 25. Ufanisi utaandikwa kwa thamani ya joto ya juu na ya chini, kila moja ikitajwa kwa jina, na hesabu ya hasara itaambatanishwa."

Mvuke Mkavu

Kifungu ni kizuri, na kupima mvuke kwa kuni kavu kumeondoa ubishi wa thamani ipi itumike. Ongeza kiasi cha oksijeni kwenye moshi na joto la moshi unapotoka kwenye boila, kwa kila jedwali, ili siku ya majaribio muwe na vitu viwili mnavyoweza kuvipima wenyewe pale dohani bila kumtegemea mzabuni. Na andika kwamba majaribio yatafanywa kwa kuni za yadini kwenu, vumbi la msumeno likichukuliwa pande zote mbili zikiwapo.